Maji Safi ya Kikundi cha Nne

Nilikuwa kidato cha pili, mkono wangu wa kulia umeinua chupa ya maji juu ya kichwa ili hata wa nyuma waone, na maji yale yalikuwa ya uongo.

Chupa zilikuwa mbili. Moja ilijaa maji ya dimbwi lililokuwa nyuma ya bweni la wavulana, rangi ya chai ya maziwa. Ya pili maji yake yaling'aa hata ukaona dirisha la darasa limepinduka ndani yake. Nyuma yetu tulikuwa tumebandika karatasi ya manila ubaoni kwa seloteipu. Tulichora mti wa mlonge, tukapaka majani rangi kwa krayoni za mdogo wake mwenzetu mmoja, na pembeni tukaandika hatua tano za kusafisha maji kwa mbegu za mti huo. Msemaji wetu alizitaja hatua hizo kwa Kiingereza alichokuwa amekikariri hadi saa sita usiku. Mimi nilipewa kazi moja tu: akifika hatua ya mwisho, niinue chupa.

Nikainua. Darasa likatupa makofi ya kilo. Mwalimu wa baiolojia, ambaye sote tulimwita Madamu, akauliza kama kuna swali. Kwa kawaida hapakuwa na swali. Kuuliza kulihesabika kuwa uchokozi, na kila mmoja alijua kwamba zamu yake ya kusimama pale mbele itafika. Lakini msichana aliyekaa dawati la mwisho, karibu na mlango, akasimama na kuuliza kwa Kiswahili, jambo ambalo peke yake lilikuwa kosa: "Hayo maji safi mmeyatoa wapi?"

Hakuuliza tumeyasafishaje. Aliuliza tumeyatoa wapi. Msemaji wetu akanitazama, nami nikaitazama chupa, ndipo nikaona alichokiona yeye kutoka kule mlangoni. Tulikuwa tumebandua karatasi ya nembo kwa uangalifu mkubwa, tukakwangua gundi kwa ukucha, tukasahau ule mkanda mwembamba wa plastiki chini ya kifuniko. Ulikuwa mzima. Chupa haikuwahi kufunguliwa tangu itoke dukani.

Hatukuwa wahuni. Usiku uliotangulia tulisaga mbegu kweli, tukazitia kwenye maji ya dimbwi, tukasubiri. Maji hayakutakata. Kipindi kilikuwa saa mbili na dakika ishirini asubuhi, manila ilikwisha kuchorwa, na mmoja wetu alikuwa na hela ya maji ya duka. Tulijiambia kwamba sayansi ni ya kweli, ila chupa yetu tu ndiyo iliyochelewa, kwa hiyo hatukudanganya mtu. Nimesikia watu wazima wenye ofisi wakijieleza kwa maneno hayohayo.

Madamu hakutuchapa, na hilo lilitutisha kuliko fimbo. Alisema: "Kikundi cha Nne, kaeni. Hamjamaliza."

Nitarudi kwenye chupa hiyo. Kwanza niseme kwa nini nimeikumbuka sasa. Jambo tulilokuwa tukilifanya siku ile, ambalo wanafunzi huliita kwa kifupi kuprizenti na miongozo ya walimu huliita uwasilishaji wa kazi za vikundi, limekuwa kubwa katika shule zetu. Tanzania iliugeuza mtaala wake wa sekondari mwaka 2005 ili ufuate ujenzi wa umahiri, mwanafunzi awe mtendaji na si chombo cha kumiminiwa. Kenya ilianza safari yake ya elimu ya umilisi mwaka 2017, ikataja umilisi wa kimsingi saba. Humo mna mawasiliano na ushirikiano, na mna kujifunza namna ya kujifunza. Mitaala mipya ya Tanzania iliyoanza kutumika Januari 2024 ikaleta na somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Kwa hiyo mtoto wa leo husimama mbele ya wenzake mara nyingi kuliko sisi, akieleza usanisinuru leo, kesho rushwa, keshokutwa namna ya kupanga ratiba ya kujisomea.

Ni jambo jema, na sina hamu ya kurudi kwenye darasa la kunakili ubao kwa dakika arobaini. Ninacholalamikia ni macho yetu watu wazima. Tunaiangalia manila. Tunasifu mwandiko, rangi, sauti ya msemaji, namna kikundi kilivyojipanga kwa urefu. Wenye projekta husifu slaidi. Kisha mwalimu anauliza kama kuna swali, darasa linanyamaza, tunapiga makofi, kinaitwa kikundi kinachofuata. Pale tunapofunga ndipo kazi ilipaswa kuanza.

Ushahidi wa hilo tunao hapahapa nyumbani, na ulianzia kwenye aiskrimu. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, wavulana walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unayaacha yapoe, ndipo unayaweka kwenye friza. Nafasi ndani ya friza ilikuwa ya kugombaniwa. Erasto Mpemba, wa kidato cha tatu, alikuwa bado anachemsha alipomwona mwenzake akimimina maziwa yake bila hata kuyapitisha motoni ili awahi. Mpemba akaona akisubiri yapoe atakosa trei ya mwisho, akayatia ya moto vilevile. Saa moja na nusu baadaye ya kwake yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wake wa fizikia. Akaambiwa amechanganyikiwa, haiwezekani. Akakubali, kama mwanafunzi yeyote mwenye adabu. Lakini likizo ilipofika, mjini Tanga, akasikia kwamba wauza aiskrimu wenyewe huweka mchanganyiko ukiwa wa moto kwa kuwa huwahi kuganda. Watu wale hawakuwa na nadharia, walikuwa na wateja. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, kidato cha tano, darasa likafika kwenye kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, akaliuliza tena swali lake. Mwalimu wa huko naye akakataa, na alipobanwa zaidi akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo, kijana akikosea hesabu, wenzake humwambia hiyo ni hisabati ya Mpemba. Ukitaka kujua jinsi swali linavyouawa shuleni, ni hivyo tu: mwalimu anatoa jina la utani, darasa linamalizia.

Halikufa. Akafika mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiitwa Yunivasiti Koleji, mwalimu wa fizikia kwa jina Denis Osborne, kuzungumza na wanafunzi. Ulipofika wakati wa maswali Mpemba akasimama: vyombo viwili vinavyofanana, maji ya ujazo sawa, moja nyuzi 35 na jingine nyuzi 100, yale ya nyuzi 100 yanatangulia kuganda, kwa nini? Wenzake waliona amewaaibisha mbele ya mgeni. Osborne naye, kwa maelezo yake mwenyewe, alidhani kijana amekosea, ila hakusema hivyo. Aliahidi kwenda kujaribu. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala ya pamoja katika jarida la Physics Education, Mpemba akisimulia mkasa wake kwa kalamu yake na Osborne akieleza vipimo. Katika vipimo hivyo, maji yaliyoanzia nyuzi 25 ndiyo yaliyochelewa kuganda kuliko yote.

Katika makala ile yumo mtu mmoja ambaye kila nikimkumbuka nacheka na kuona haya kwa pamoja. Ni fundi wa maabara, kijana aliyetumwa na Osborne kufanya jaribio la kwanza. Alirudi akaripoti kwamba kweli maji ya moto yametangulia kuganda, lakini asiwe na wasiwasi, wataendelea kurudia mpaka wapate matokeo sahihi. Fundi huyu ni Kikundi cha Nne kilichovaa koti jeupe. Alikuwa na jibu kabla ya kuwa na maji.

Na mambo hayajaisha hadi leo. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilitangaza shindano la kuelezea kioja hicho cha maji ya moto kutangulia kuganda, yakaja majibu zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 watafiti Henry Burridge na Paul Linden wakaandika kwamba hawakuona ushahidi wa kuaminika kwamba kipo, na kwamba kukipandisha au kukishusha kipimajoto kwa sentimita moja tu ndani ya chombo kunatosha kukuletea kioja ambacho hakipo. Wengine wanaendelea kukitafuta kwenye mifumo isiyo ya maji kabisa. Mpemba mwenyewe alisomea uhifadhi wa wanyamapori Mweka, karibu na Moshi, akafanya kazi huko kwenye wanyama. Nimewasikia watu wakisikitika kwamba hakuwa mwanafizikia. Sioni la kusikitikia. Mwanafunzi haulizi ili apate ajira ya swali lake.

Angalia lakini ni wapi kijana yule alipopata nafasi. Hakuipata alipoulizwa arudie alichofundishwa. Aliipata katika dakika chache za mwisho, baada ya mgeni kumaliza kusema, na aliipata kwa sababu mgeni alikuwa tayari kuondoka pale akiwa hana jibu. Mwalimu anayeogopa kusema sijui hawezi kulea darasa la kuuliza, hata ukimletea manila za mwaka mzima.

Hapa inabidi nigusie lugha, ingawa najua kuna wasomaji watakunja gazeti. Mtoto wa Tanzania husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili miaka yote, kisha kidato cha kwanza anakutana na sayansi kwa Kiingereza. Msemaji wetu wa Kikundi cha Nne alikuwa kijana mwerevu kuliko sisi sote. Alichokifanya pale mbele kilikuwa ni kukariri, kwa sababu Kiingereza alichokuwa nacho kilitosha kubeba sentensi alizoziandaa, hakikutosha kubeba sentensi asiyoijua bado. Swali likija, hana pa kulishikia. Basi darasa zima hufanya mapatano ya kimyakimya: sisi hatukuulizi, nawe usituulize. Yule msichana wa mlangoni alivunja mapatano hayo kwa kuvunja sheria ya lugha. Sitaki kufufua hapa ubishi wa lugha ya kufundishia, ambao ni mrefu kuliko makala hii na umewashinda waliokwisha kuandika vitabu. Nasema hivi tu: kama wasilisho lazima liwe la Kiingereza, liwe. Maswali yaachwe yaje kwa lugha ambayo mtoto anawazia. Mkanda wa chupa hauna Kiingereza chake.

Kuna siku nimekaa katika madarasa ya wenye uwezo zaidi, yenye skrini na kompyuta mpakato, nikasikiliza vijana wakiwasilisha kuhusu stadi za kujifunza. Slaidi moja hurudi karibu kila mara. Ni piramidi yenye ngazi za rangi: mtu hukumbuka asilimia 10 ya anachosoma, asilimia 20 ya anachosikia au kuona, na kuendelea hivyo hadi chini kabisa ambako hukumbuka asilimia 90 ya anachowafundisha wenzake. Ni picha nzuri, na walimu huipenda kwa kuwa inaunga mkono kazi za vikundi. Tatizo ni kwamba namba zile hazina jaribio nyuma yake. Edgar Dale, Mmarekani ambaye mara nyingi hutajwa kuwa ndiye mwenyewe, alichora mchoro wake wa pia mwaka 1946 bila asilimia hata moja. Alikuwa akipanga aina za vielelezo vya kufundishia, basi. Namba zilibandikwa baadaye, na akili ya kawaida ingetosha kuzitilia shaka: kumbukumbu ya binadamu ina bahati gani ya kukatika kwa makumi kamili? Kwa hiyo tunapata wasilisho kuhusu namna ya kujifunza ambalo aliyeliandaa hakujiuliza namba hizi zimetoka wapi. Mmeyatoa wapi, angesema yule binti. Ndugu yake piramidi ni ule mtindo wa kuwagawa watoto kuwa wa macho, wa masikio na wa mikono. Jopo la wanasaikolojia lililopitia tafiti mwaka 2008 halikupata ushahidi wa kutosha wa kufundishia kwa mgawanyo huo.

Yaliyopimwa kweli yapo, na yana faida kwa mtoto kuliko piramidi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, waliwapa wanafunzi matini fupi za sayansi. Kundi moja lilisoma tena na tena kwa vipindi vinne. Kundi jingine lilisoma kipindi kimoja, kisha vipindi vitatu likaandika kila linachokumbuka kwenye karatasi tupu, bila kuangalia. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja walikumbuka kama asilimia 40, na wale wa karatasi tupu asilimia 61. Waliosoma mara nyingi ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka. Soma sentensi hiyo ukiwa na mtoto wa kidato cha nne nyumbani, yule anayepita na kalamu ya kung'arisha juu ya kila mstari wa daftari hadi daftari lote linakuwa la njano.

Utafiti mwingine wa chuo hichohicho, uliotoka mwaka 2014, uliwaambia wasomaji wengine kwamba watafanya mtihani na wengine kwamba watamfundisha mtu. Hakuna aliyemfundisha mtu yeyote. Wote walipewa mtihani. Waliotarajia kufundisha walikumbuka zaidi na wakapanga mambo vizuri zaidi vichwani. Ndiyo kusema kuprizenti kunafaa, na kunafaa kuanzia usiku ule wa maandalizi, kwa masharti mawili. Mosi, usishike karatasi ukaisoma, maana hapo umerudi kwenye kundi la kwanza. Pili, ujue kwamba huko mbele kuna mtu atakuuliza kweli. Makofi ya kilo hayamtishi mtu akaelewa.

Mwanasaikolojia Elliot Aronson aliona kitu kama hicho katika madarasa ya Austin, Texas, mwaka 1971, shule zilipokuwa zimetoka tu kuchanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Meksiko, na chuki ilikuwa nje nje. Yeye na wanafunzi wake wakagawa somo vipande, kila mtoto katika kikundi akapewa kipande ambacho wenzake hawana, na mtihani ukahusu vyote. Ghafla yule mtoto anayebabaika Kiingereza akawa mtu wa kuulizwa kwa upole, kwa sababu bila kumsikiliza yeye na wewe unafeli. Linganisha na vikundi vyetu vya watu kumi, ambamo mwenye mwandiko mzuri anaandika, mwenye sauti anasema, na wanane wanasindikiza. Mimi nilikuwa nimeshika chupa.

Ukitaka kuona uwasilishaji ulivyo mahali unapochukuliwa kwa uzito, nenda kwenye maonyesho ya wanasayansi chipukizi. Young Scientists Tanzania yalianzishwa mwaka 2011 kwa kufuata mfano wa Ireland, ambako wazo hilo liliota mwaka 1963, mwaka uleule wa aiskrimu ya Magamba. Kule vijana husimama kando ya bango lao, na waamuzi huja mmoja mmoja kuuliza. Hotuba si kitu. Mwamuzi anashika grafu kwa kidole na kuuliza hii nukta imekaaje huku peke yake. Aliyefanya kazi hiyo atakwambia siku ile mvua ilinyesha, au kipimo kilidondoka. Aliyefanyiwa atatabasamu.

Na wanaofanyiwa wapo. Wazazi wa Kenya wamelalamika kwa haki kuhusu gharama za kuchapisha picha na kununua vifaa, na jioni nyingi za baba kuunda kinyago cha kutishia ndege kwa ajili ya mwanawe wa gredi ya nne. Vinyago vilipofika shuleni, vingine vilikuwa vimevaa suti nzuri kuliko ya mwalimu mkuu. Umaskini hausaidii, ila usidhani fedha ndiyo inayoleta wasilisho. Keriko, shule ya kutwa katika kaunti ya Nakuru, ilikuwa na kompyuta moja, intaneti ya kusuasua, na asilimia 95 ya wanafunzi walitoka katika familia maskini. Mwalimu wao wa sayansi, Bruda Peter Tabichi, alikwenda kwenye saiba kupakua masomo na kuyarudisha darasani. Wanafunzi hao walishinda katika maonyesho ya kitaifa ya sayansi na uhandisi ya mwaka 2018 kwa kifaa kinachowawezesha wasioona na wasiosikia kupima vitu, na Machi 2019 mwalimu wao akapokea Dubai tuzo ya mwalimu bora wa dunia yenye thamani ya dola milioni moja. Hebu fikiria swali la kwanza la mwamuzi mbele ya kifaa kama hicho: kuna asiyeona aliyekitumia, na alisemaje? Hapo sayansi na maadili vimeshikana mkono, na huwezi kuvitenga ukavipa manila mbilimbili.

Maana hilo ndilo kosa letu katika mawasilisho ya maadili. Tunawapa watoto mada kama Madhara ya Udanganyifu, wanaorodhesha madhara saba, la saba likiwa kuharibu sifa ya taifa, na kipindi kinachofuata wanakwenda kutunga matokeo ya majaribio ya kemia kwa sababu kila mtu anajua asidi na besi zinapaswa kukutana kwenye mililita ngapi. Hakuna anayeiita hiyo udanganyifu. Inaitwa kumalizia ripoti. Kenya iliona mwaka 2016 ukubwa wa ugonjwa huu, pale usimamizi wa mtihani wa kidato cha nne ulipokazwa na idadi ya waliopata A ikaporomoka kutoka zaidi ya 2,600 mwaka uliotangulia hadi 141. Watoto wale hawakuamka siku moja wakawa waongo. Walikuwa wamefundishwa kwa miaka, somo baada ya somo, kwamba jibu linatangulia maji.

Ukimpa kijana daftari la mradi, ukamwambia aandike kila anachokiona, hata kibaya, tena kwa kalamu ya wino, na kosa alikate kwa mstari mmoja badala ya kulifuta, umemfundisha maadili zaidi ya orodha ya madhara saba. Akitaka kuwahoji majirani kuhusu choo chao au ugonjwa wao, mfundishe kwanza kuomba ridhaa, na kukubali jirani akikataa. Mambo haya hayapendezi kwenye manila. Hayana rangi.

Sasa chupa. Madamu alitupa wiki moja na ufunguo wa maabara, ambao ulirudishwa kwake kila saa kumi na moja jioni bila mjadala. Siku ya kwanza tukagundua kosa letu la usiku ule: tulisaga mbegu na maganda yake, tukakoroga mara mbili tatu kama mtu anayetia sukari. Siku ya pili tukazimenya, tukatwanga zile punje nyeupe kwenye kinu, tukachuja uji wake kwa kitambaa, tukautia kwenye maji ya dimbwi na kukoroga kwa kasi dakika moja, kisha polepole dakika kumi kwa zamu. Yakaanza kuonekana mabonge madogo kama maziwa yanayochacha. Mbegu ya mlonge ina protini zenye chaji chanya, na chembe za udongo zina chaji hasi. Zinavutana, zinashikana, zinakuwa nzito, zinazama. Hilo tulilijua kutoka kitabuni. Kuliona likitokea chini ya pua yako ni habari nyingine. Saa mbili baadaye tope lilikuwa limelala chini, na juu yake maji, si meupe kama ya dukani, lakini maji. Tukapiga kelele hadi mlinzi akaja.

Siku ya tatu yalinuka.

Tuliliandika hilo, kwa wino. Manila ilikuwa ileile, tumeigeuza upande wa pili, safari hii bila mti. Madamu akaamua msemaji awe mimi, na akasema niseme kwa lugha yoyote nitakayoiweza. Nikaeleza siku ya kwanza ilivyoshindikana, ya pili ilivyofanikiwa, na ya tatu. Chupa ikazungushwa darasani, kila aliyeifungua akakunja uso na kumpa jirani yake. Hapakuwa na makofi.

Yule msichana akasimama. Aliuliza kama maji hayo yanafaa kunywa. Nikasema hapana, mlonge hupunguza vijidudu lakini hauvimalizi, lazima yachemshwe. Akauliza kwa nini basi yamenuka, wakati siku ya pili hayakunuka. Nikatazama wenzangu, wakatazama sakafu. Nilikuja kusoma jibu miaka mingi baadaye, kwamba mabaki ya mbegu yanayosalia ndani ya maji ni chakula cha bakteria, ndiyo maana maji ya mlonge hutakiwa kutumika mapema. Asubuhi ile nilimwambia hatujui.

Akaketi, akaandika kitu kwenye daftari lake. Jumatatu iliyofuata, nikipita kufagia, nikakuta dirishani chupa tatu zimepangwa mstari, kila moja imebandikwa kipande cha karatasi chenye tarehe na mwandiko wake. Vifuniko vyote vitatu vilikuwa vimekatwa mkanda.